Mvumo wa Saa Mbili Asubuhi

Benchi lenyewe ni ubao juu ya matofali, umeegemea ukuta wa Pindo, fundi cherehani, chini ya dirisha la sebule yake. Hapo kila asubuhi, kasoro Jumapili, hukaa watu watatu wasio na haraka na maisha, wamezunguka jiko dogo la umeme lenye birika la kahawa: Fyuzi, fundi umeme ambaye kila alichotengeneza kimerudi kwake, Hakimu, aliyefagia mahakama miaka ishirini akatoka na maneno ya mahakimu, na Daktari, ambaye hajatibu hata kuku. Siku hiyo Pindo alikaa nao roho juu. Redio kubwa ya kaseti aliyoachiwa na marehemu kaka yake ilikuwa na mwezi mzima ikivuma, mmmmm, kama nyuki ndani ya debe, na mkewe alikuwa amechoka. Ameshamwita mnunuzi wa vyuma chakavu. Leo redio imewashwa bila wimbo ili mvumo usikilizwe. Ikifika saa nne bado inavuma, inabebwa. Kaka hakuacha kitu kingine, na jambo hilo lilimuuma Pindo sana.

— Tatizo ni ardhi, ule waya wa kuteremsha umeme udongoni, alisema Fyuzi akijimiminia kahawa.

— Ardhi si uliweka wewe? Ulichukua uma wa mke wangu ukauzika uani, alijibu Pindo.

— Uma mmoja, redio kubwa vile? Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Ongeza vijiko.

— Na nyaya je? aliuliza Hakimu.

— Nyaya msinigusie! Nilipowaletea jiko hili nilizifunga zote kwa kamba moja, za jiko na za redio, pamoja, safi kama mzigo wa kuni. Kwangu hakuna waya unaoning'inia.

Daktari alikohoa, ishara kwamba ana jambo zito.

— Pindo, huo mvumo unaanza saa ngapi?

— Saa mbili asubuhi.

— Unakoma?

— Saa sita hivi. Mchana unanyamaza kabisa.

— Jumapili?

— Jumapili hauvumi.

— Haya! Daktari alijipiga paja. Saa mbili mpaka saa sita, Jumapili mapumziko. Hiyo ni kazi ya kuajiriwa. Kuna mtu analipwa kukusikiliza, ndugu yangu.

— Mimi? Nikishona marinda?

— Ndiyo ujiulize hayo marinda ni ya nani.

Hakimu alitikisa kichwa kwa huruma ya kujifanya.

— Mahakama inaona vingine. Redio ina majonzi. Inamlilia mwenyewe. Haijamkubali mrithi.

Hapo Pindo aliumia kweli. Alitaka kumwambia Hakimu afunge mdomo, lakini aliogopa pengine ni kweli.

— Saa nne hiyo! mkewe alipaza sauti dirishani. Na bado inavuma! Mwenye mkokoteni huyo anakuja, na hao shemeji zangu wamalize kahawa waende makwao.

Mnunuzi wa vyuma alisimamisha mkokoteni, akajifuta jasho. Hakimu akamsogezea kikombe.

— Mgeni njoo, mwenyeji apone. Kunywa kwanza, mali haikimbii.

Yule mtu akanywa. Macho yake yakaufuata waya wa jiko, kutoka miguuni pao, ukutani, mpaka ndani ya dirisha.

— Samahani wazee. Mkiuchomoa huu waya, redio inavuma?

Fyuzi alitazama ndani ya kikombe chake. Daktari alianza kufunga kamba za viatu ambazo hazikufunguka.

— Swali hilo halijawasilishwa rasmi, alisema Hakimu.

Pindo alikuwa anahesabu. Jiko lililetwa lini? Mwezi mmoja uliopita. Jumapili nani hukaa hapa? Hakuna. Mashavu yalimwaka kwa aibu. Ameacha uma wa mkewe uzikwe, kumbe nyuki ni jiko hili hili linalowachemshia kahawa.

— Kaa, Pindo, Fyuzi aliwahi. Ngoja birika la pili lichemke, halafu tutafanya uchunguzi.

Pindo aliingiza mkono dirishani, akauchomoa waya wa jiko.

Mvumo ukakatika. Kisha sauti ya mkewe:

— Wewe, kwa nini umezima redio?

— Haijazimwa, mke wangu. Imewashwa, na sauti iko juu kabisa.

Zilisikika kandambili za mkewe zikivuka sebule, kaseti ikabofywa, halafu wimbo ukaanza, ule ambao kaka mtu alikuwa akiupiga kila akitoka kazini, safi, mpaka pumzi ya mwimbaji ilisikika. Pindo aliegemeza kichwa ukutani akalia, wala hakujificha.

Hakimu aligusa birika kwa kidole.

— Linapoa hili.

Pindo alijifuta macho, akamgeukia mwenye mkokoteni.

— Usirudi mikono mitupu, kaka. Beba hilo jiko.

— Rufaa! alidai Hakimu. Nakata rufaa!

Hakuna aliyemsikia. Redio ilikuwa inaimba.