Mistari Miwili Chini ya Habari ya Kibua

Papa Symphorien Nzabandora anastaafu tarehe 31 Desemba 1958, baada ya kuliandikia gazeti letu kwa miaka kumi na mitano na miezi tisa. Karani wetu mkuu alikuja juu aliposikia neno "kustaafu", akauliza atastaafuje mtu ambaye hakuajiriwa hata siku moja. Ni kweli. Papa Symphorien hakuwa na mkataba wala meza, na mlango wa ofisi hii ameuingia mara mbili tu. Lakini aliandika barua ya kuomba kustaafu, kwa adabu zote, na mimi niliyepanga herufi za habari zake tangu ile ya kwanza nikasimama upande wake. Ndipo nikaambiwa: basi andika wewe.

Naitwa Kanyamibwa, mpanga herufi. Nilizaliwa Kingi, karibu na Masisi, na kwao Symphorien ni ng'ambo ya kilima kile kile. Kwa kuwa gazeti linachapwa hapa Usumbura, nje ya Kongo, ofisini ameandikishwa kama mwandishi wa nchi za nje. Hizo nchi za nje ni Masisi na Walikale, na yeye alizaliwa humo humo. Alicheka sana nilipomweleza.

Alianza mwezi Aprili 1943, akiwa katekista, kwa habari fupi ya mvua ya mawe iliyolala juu ya maharagwe ya watu. Baadaye aliandika juu ya familia zilizoletwa kutoka Rwanda kulima milimani, juu ya wanaume waliochukuliwa kwenda machimboni, juu ya mpira uliogemwa msituni wakati wa vita. Alitembea kwa miguu, mara wiki nzima, na barua zake alizifunga kwa majani ya mgomba yaliyokaushwa juu ya moto ili mvua isizile. Zilipofika tulizijua kabla ya kuziona. Chumba kizima kilinuka moshi.

Na alikuwa mwoga. Nasema hivyo kwa ruhusa yake. Aliogopa madaraja ya kamba za msitu, aliogopa mbwa, aliogopa kofia ya afisa yeyote, hata ikiwa imetundikwa ukutani bila afisa. Mlima wa moto ulipolipuka mwaka 1948, magazeti mengine yalituma watu waende karibu. Habari ya Symphorien ilianza kwa maneno "Niko mbali", na ndiyo pekee iliyotuambia watu waliokuwa wanakimbia wanahitaji nini. Mkewe, Mama Adelaïde, alizoea kumtania kwamba anatoka nyumbani akiwa ameshaanza kurudi. Yeye alijibu: "Miye niko muoga, lakini muoga njo anarudi na habari," yaani mwoga ndiye anayerudi nayo.

Sasa nifike penye Kibua. Miaka tisa nimepazunguka.

Aprili 1949 kampuni moja ilikuwa inachonga barabara katika msitu wa Walikale. Mvua ilinyesha siku tatu, ukingo wa mlima ukaporomoka juu ya wafanyakazi. Kampuni ikasema wawili wameumia mguu. Symphorien alisikia mengine, akaenda. Kijijini Kibua hakuna aliyetaka kufungua kinywa, kwa sababu msimamizi alikuwa amekwisha kupita nyumba kwa nyumba na kiboko mkononi. Aliyefungua ni mama mmoja aliyewapikia wale wanaume. Jina lake sitaliandika kwanza; msomaji avumilie.

Mama huyo alimwambia mgeni ale kwanza. Alimpa ndizi na uyoga. Kisha akamwonyesha pembeni ya jiko vifurushi vya majani. Kila mfanyakazi alikuwa na kifurushi chake cha chakula, naye alivijua vyote kwa namna alivyofunga fundo. "Hizi tisa hakuna mwenye alifungua," alimwambia. Cha tisa kilikuwa cha mdogo wake.

Habari ikatufikia: tisa wamekufa. Ilikuwa imeandikwa vizuri, bila jina la mtu yeyote aliyesimulia, maana Symphorien alijua kuogopa kwa niaba ya wengine. Ila chini kabisa ya barua, baada ya sahihi yake, aliongeza mstari kwa ajili yangu mimi. Alimtaja mama kwa jina na kijiji, akasema alikula kwake, Mungu amlipe. Mtu wa kwetu ataelewa mara moja. Milimani kwetu ukila kwa mtu ukaondoka bila kumtaja mpishi mbele ya watu, ni kama umeiba chakula. Symphorien alikuwa amekula, na mbele yake kulikuwa na msitu mtupu. Akamtaja kwangu, ili aliyekula asiwe mwizi.

Wiki ile mhariri alikuwa amelazwa na malaria. Nilipanga habari peke yangu, nikaisahihisha peke yangu, na chini ya safu ikabaki nafasi ya mistari miwili. Nikaona shukrani ile. Nikaona vibaya kuiacha. Niliipanga herufi kwa herufi, nikaridhika kama mtoto aliyelelewa vizuri, nikaenda nyumbani kula.

Niisome tena mistari ile miwili? Siwezi. Mhariri angeikata bila kuinua kichwa, maana hakulelewa Kingi. Adabu yangu ndiyo iliyoliweka jina la mama yule mbele ya watu waliokuwa wanatafuta ni nani aliyesema tisa.

Nilijua baada ya siku nane, barua fupi ilipofika ikinuka moshi. "Kanyamibwa, jina ya mama imetoka mu gazeti. Niko naenda Kibua mbele ya gazeti ifike. Usiambie muntu." Gazeti lilikuwa limemfikia Masisi, nakala za Walikale zilikuwa bado zinazunguka kwa njia ya lori. Yeye alikata njia moja kwa moja msituni. Mimi nilibaki Usumbura, na kwa siku ishirini na tatu, mpaka dereva wa lori alipoleta neno kutoka Walikale, sikujua kama mama yuko hai. Nilipanga matangazo ya ndoa na bei ya kahawa. Herufi zikawa zinaniponyoka na kuanguka sakafuni, na wenzangu wakadhani ni malaria ya mhariri imenihamia. Nikawaacha wadhani hivyo. Nilikuwa na watoto sita, niliogopa kufukuzwa. Niliogopa hilo hata kuliko nilivyomwogopea yule mama, na leo nalisema kwa sababu ni aibu yangu.

Yaliyotokea huko Symphorien aliniambia mwenyewe miezi baadaye, mara ya kwanza alipoingia ofisini humu. Alifika Kibua miguu imevimba, nyayo zimepasuka. Mama alikuwa anamenya ndizi. Alipoelezwa, hakulia. "Miye nilikuambia ukule," alisema, "sikukuambia utangaze." Symphorien hakumjibu kwamba si yeye aliyetangaza. Mama akafunga chakula, akawachukua binti zake wawili, wakaingia msituni kuelekea Itebero kwa kaka yake, mwendo wa siku nyingi.

Symphorien hakuweza kutembea tena. Tena alikuwa amefikiri jambo: kutoka kambi ya kampuni mtu huona moshi wa kila nyumba ya Kibua, na nyumba isiyotoa moshi asubuhi wote hujua kuna kilichotokea ndani yake. Kwa hiyo akakaa jikoni kwa mama na kuchochea moto. Siku mbili nzima, yule mtu anayeogopa kofia iliyotundikwa. Aliniambia alisali, akatapika, akachochea tena. Kila mbwa alipobweka, alidhani watu wa kampuni wamefika. Angeweza kutambaa hadi porini na kujificha, lakini moto ungezimika, na mama alikuwa bado karibu mno.

Siku ya tatu walinzi wa kampuni walifika, gazeti limekunjwa mfukoni mwa msimamizi. Wakamkuta mwanamume anachoma ndizi, machozi yanamtoka, anasema ni moshi. Walimuuliza mama yuko wapi. Aliwaambia hakuna mama wa namna hiyo, jina alilitunga mwenyewe ili habari ipendeze. Walimpiga hata mgongo wake hauwezi kuegemea kiti mpaka leo. Halafu akafungwa miezi minne. Hakubadilisha maneno.

Mhariri alipopona, akamwandikia kwa ukali, akiuliza ni mjinga gani aliyeruhusu jina lile lichapwe. Symphorien alijibu akiwa bado kifungoni: "Ni mimi, niliomba liwekwe." Jina lake likaondolewa gazetini mwaka mzima. Mimi ndiye niliyeliondoa, kwa vidole hivi, na nikanyamaza. Ofisi hii imeamini kwa miaka tisa kwamba kosa lilikuwa lake. Lilikuwa langu. Mheshimiwa Mhariri, ukisoma hapa, niko chumba cha herufi, sijatoka.

Alirudi kazini na kuandika miaka minane mingine, habari zaidi ya mia mbili, na nyingine zilisomwa hadi Brussels. Hakuacha kuogopa. Kila barua tangu siku ile iliisha kwa neno moja, chini ya sahihi: "Nilikula." Bila jina, bila kijiji. Hakuwahi kunilaumu kwa kalamu wala kwa kinywa, lakini kila nilipolifikia neno hilo nilikunja barua haraka, na nadhani alijua.

Mwezi Julai mwaka huu yule mama alifariki Itebero, kitandani mwake, amezungukwa na wajukuu. Hakuna aliyemgusa hata siku moja. Symphorien alipopata habari ndipo alipoandika ile barua ya kuomba kustaafu. Nafikiri alikuwa anasubiri. Binti wa marehemu, Sidonie, naye alituma maneno machache kwangu: "Muandike jina ya mama. Sasa hakuna mwenye atamufanya kitu."

Papa Symphorien, wafanyakazi wote wa gazeti wanakushukuru. Nenda ukalime maharagwe yako ng'ambo ya kilima, uegemee pale mgongo unapokubali, na Mama Adelaïde asikutume popote penye mbwa. Upate miaka mingi ya kukaa mahali pamoja bila kusikiliza nyayo za mtu. Tunakuombea uzee wenye utulivu na chakula cha moto.

Mhariri ameniachia safu hii nzima, na chini yake imebaki nafasi ya mistari miwili. Herufi zinaniponyoka kama mwaka ule, lakini naziokota, nazipanga.

Papa Symphorien alikula Kibua kwake Mama Rosalie,
ndizi na uyoga. Mungu amlipe.