Kiti cha Faina Lvovna

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Leo tunamkumbuka Faina Lvovna Gorshkova, mhandisi wa kiwanda chetu cha helikopta. Tulimzika Jumanne, udongo ukiwa bado umeganda. Wengi mnamjua kwa jambo moja: yule bibi aliyewauliza watu wanakokwenda, nanyi mkatema mate nyuma ya bega kufukuza nuksi. Hapa kwetu mtu akitoka haulizwi aendako. Ni nuksi. Basi sikieni alivyoanza.

Faina alitengeneza kiti. Enzi za Sovieti kiwanda kilikuwa kinaunda helikopta mpya ya mashambulizi. Rubani mmoja tu. Safu mbili za mapanga ya kuirusha, moja juu ya nyingine, zikizunguka kinyume. Iliweza kuruka kiubavu huku mdomo umemwelekea adui, na kombora lake lilitoboa kifaru kutoka mbali. Chombo cha kuua, tusidanganyane. Faina alitaka kitu kimoja: rubani akipigwa, atoke hai.

"Atoke vipi, mama wee?" wenzake walimcheka. "Akichomoka tu, mapanga yanamkatakata kama kabeji ya supu!"

"Basi tutayang'oa mapanga kwanza," akajibu.

Ikawa hivyo. Baruti inayang'oa mapanga, yanaruka pembeni. Kisha roketi inamvuta rubani juu pamoja na kiti chake, mwavuli unafunguka. Siku ya jaribio sanamu la rubani lilitua kwenye theluji, zima. Faina akalikumbatia, akalia. Narudia, wasikilizaji: kiti kilifanya kazi.

Kisha nchi ikavunjika. Jeshi likachukua helikopta chache mno, nyingine zikabaki karakanani bila injini. Marubani wakaendelea na zile za zamani, zisizo na kiti hicho. Na Rodion, au Rodya, mwana pekee wa Faina, alikuwa rubani.

Asubuhi moja alikuja kuaga. Wakaketi kidogo, kama ilivyo desturi yetu sote kabla ya safari. Taisia, mdogo wake Faina, alikuwepo.

"Rodya alisema, 'Mama, nimepangiwa kituo kingine,'" anasimulia Taisia. "Dada akafurahi, akadhani wanampa ile helikopta yake. Nikataka kuuliza ni wapi. Akanikanyaga mguu! 'Nyamaza wee, utamtilia mtoto nuksi!'"

Rodion alipelekwa vitani, milimani kusini, na helikopta ya zamani. Ilipigwa juu ya bonde. Alikuwa na muda, wasikilizaji. Wenzake walimsikia redioni akizungumza mpaka chini. Hakuwa na pa kutokea.

"Ningemuuliza, angenijibu," Faina alimwambia mdogo wake matangani, chapati za kumkumbuka marehemu zikipoa mezani. "Rodya hajui uongo. Ningemfungia mlango. Ningelala kizingitini."

Tangu hapo akamuuliza kila mtu aendako. Jirani mwenye ndoo ya takataka. Maharusi. Watu wakawa wanavuka barabara kumkwepa.

Wiki iliyopita, hospitalini, Taisia aliinuka kitini kando ya kitanda cha Faina.

"Unakwenda wapi?"

"Kuchota maji ya chai, dada."

"Wapi huko?"

"Hapo nje ya mlango tu."

"Haya. Nenda."

Aliporudi, Faina alikuwa amekata roho.

Taisia, pole sana. Umebaki peke yako. Nanyi wasikilizaji wapendwa, leo hii kuna vijana wanafunga mikoba mjini humu. Wanajua waendako. Waulizeni wangali mlangoni. Sisemi kwamba watabaki.