Wiliam Jairo Simkonda, Aliyeliliwa Mara Mbili

Mchungaji, wazee wa ukoo, majirani na ndugu mliotoka mbali, mimi ni mjukuu wa marehemu, mtoto wa Imelda. Baadhi yenu mliwahi kusikia historia yake ikisomwa katika uwanja huu mwezi Aprili 1988, na kwa sababu ile haikuwa sahihi, na wapo wanaouliza kama huyu ni Wiliam kweli na kama ana haki ya kuzikwa hapa, familia iliniagiza niifuatilie upya na kuisoma kabla hajashushwa kaburini.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Agosti 1953 hapa Ihanda, akiwa mtoto wa tatu wa mzee Jairo Simkonda, akabatizwa Mbozi Mission, akasoma hadi darasa la nne mwaka 1966, kisha akaungana na baba yake katika shamba la kahawa.

Tarehe 9 Oktoba 1976 alifunga ndoa na bibi yetu Ketrina, na Mungu akawajalia watoto wawili, Emanueli aliyezaliwa mwaka 1978 na Imelda aliyezaliwa mwaka 1982.

Mwaka 1984 alikwenda Mkwajuni kuchimba dhahabu, na kila msimu wa kuchuma kahawa alirudi nyumbani. Desturi ya wachimbaji kule ilikuwa kuvua viatu na kuviacha kwenye mdomo wa duara, yaani shimo la dhahabu, ili walio juu wajue nani yuko chini. Tarehe 17 Machi 1988 duara lao liliporomoka kwa mvua, miili haikuweza kutolewa, na juu zilikutwa katambuga za tairi ambazo mzee Jairo alizikata mwenyewe na kuzitia alama yake kwa chuma cha moto. Ndugu walizitambua, wakazileta, zikazikwa hapa kwa ibada, na bibi akanyolewa nywele kama mjane.

Nilipofika Mkwajuni kuuliza, mzee Abdul, aliyefanya kazi naye, aliniambia hivi: "Mama, siku ile tulihesabu viatu, hatukuhesabu watu. Simkonda alikuwa amenunua mabuti, anatembea kama bwana shamba, zile katambuga akampa Lusubilo wa Itumba, na Lusubilo ndiye aliyeshuka siku ile. Yeye alikuwa Nakonde kununua kamba, malaria ikamlaza hukohuko."

Alipopona alipanda kuja nyumbani, akafika Vwawa, akakutana sokoni na shangazi yake, ambaye sasa ni marehemu, naye akamwambia: "Wiliam, wewe tumeshakulilia. Ukivuka mlango wa nyumba yako, wanao watakufuata kaburini." Shangazi aliamini hivyo, na babu aliamini hivyo, kwa hiyo aligeuka kabla ya kuwaona watoto wake, akarudi kwenye machimbo, akachimba mpaka kifua kilipomzuia, na mwaka 2014 akawa mlinzi wa yadi ya malori ya Bwana Aziz Zahoro, Tunduma. Hakuoa tena.

Mwaka 2021 mume wangu, anayepakia mizigo katika yadi hiyo, alimuuliza kwao ni wapi, akajibiwa, "Ihanda, lakini kule nimeshazikwa." Mume wangu alinisimulia akicheka, ila mimi nilikuwa nimeliona lile kaburi tangu utoto wangu.

Bibi alipopata habari alikwenda Tunduma mwenyewe, akamtazama, akamwita kwa jina la utotoni ambalo hatukuwa tunalijua, na babu akaitika. Wazee walipotaka kwanza wakae kikao juu ya mtu aliyekwisha kuombolezwa, bibi aliwaambia: "Aliyenyolewa nywele ni mimi. Kama kuna kifo kinamfuata nyuma, kianze na mimi." Akamshika mkono, wakaingia kwa mlango wa mbele, tarehe 12 Septemba 2021. Emanueli na Imelda wako hai, mnawaona wamekaa pale.

Kwa miaka minne waliishi pamoja na kupalilia kahawa, hadi mapafu yake, ambayo madaktari walisema yameharibiwa na vumbi la mawe, yalipozidiwa, akafariki tarehe 6 Novemba 2025, bibi akiwa kando yake.

Kaburi la mwaka 1988 halitafukuliwa. Ndugu wa Lusubilo, wakiongozwa na mdogo wake Danieli, wamefika leo kutoka Itumba, kwa kuwa miaka yote hiyo hawakupata hata kiatu cha kuzika, na wameomba zile katambuga zibaki zilipo na msalaba uandikwe jina la kaka yao. Bibi amekubali, na wazee wamekubali. Marehemu atazikwa pembeni ya kaburi hilo.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, Bwana Aziz na wafanyakazi wenzake wa yadi waliotuletea gari, mzee Abdul, na majirani wa Ihanda, ambao mmechimba kaburi la mtu mmoja mara mbili bila kulalamika.

Babu Wiliam, safari hii tumekuona uso kabla ya kukufunika. Umelala nyumbani kwako, pumzika, na iwe kwa amani.