Dkt. Klementina Masunga, Mfugaji wa Maabara ya Bariadi

Mchungaji, wazee wetu, majirani, na ninyi nyote mliofika hapa Bariadi kumsindikiza dada yetu, anayesimama mbele yenu ni Laurean Masunga, mdogo wa marehemu, dereva wa malori ya masafa marefu, mtu aliyefika Lubumbashi, Lusaka na Durban bila kuuliza njia, lakini juzi Jumatatu, nikitokea Tunduma macho yamevimba, niliona turubai na viti vya kukodi, nikashuka, nikaingia nikilia kwa sauti, nikamkumbatia mwanamume niliyedhani ni shemeji yangu, nikatia rambirambi kwenye sahani, na nikiwa katikati ya kikombe cha uji ndipo mama mmoja akaniuliza kwa upole, "Samahani baba, wewe na marehemu wetu mlijuana wapi?", nami nikamjibu kwamba tumenyonya ziwa moja, akanitazama sana, akasema, "Marehemu wetu ana miaka themanini na tisa."

Familia ile ya mtaa wa pili tunayo hapa leo, wamezika jana na leo wamekuja kunirudishia kilio changu, tunawashukuru sana, na uji wao ulikuwa mzuri.

Sasa niwasomee mambo ya mwenyewe, ambaye angekuwepo angeshanikatiza zamani na kuniambia nifupishe.

Klementina alizaliwa siku ya Alhamisi, tarehe 14 Septemba 1972, katika kijiji cha Sola, wilayani Maswa, wakati huo ikiwa bado Mkoa wa Shinyanga, akiwa mtoto wa pili wa marehemu mzee Masunga Mayige, mkulima wa pamba na mfugaji, na mama yetu Milembe, ambaye Mungu amemjalia kuwa nasi hapa mbele, na wanaomkumbuka utotoni wanasema alikuwa mtoto wa maswali, akitumwa maji harudi na maji tu, anarudi na swali, kwa nini ya kisima hiki yana rangi na ya kile hayana, mpaka baba akatamka kwamba huyu asipopelekwa shule atatuua kwa kuhojiwa.

Alianza darasa la kwanza hapohapo Sola mwaka 1980, akamaliza la saba mwaka 1986, akachaguliwa kwenda sekondari ya wasichana mjini Tabora, alikosoma kuanzia 1987 hadi kidato cha nne mwaka 1990, akaendelea na cha tano na cha sita hadi 1993, kisha akajiunga na mafunzo ya maabara ya tiba jijini Mwanza na kupata stashahada mwaka 1997, akapata shahada ya kwanza Dar es Salaam mwaka 2006, ya uzamili nchini Ubelgiji mwaka 2009, na ya uzamivu mwaka 2013, na kila alipohitimu mama alimwuliza swali lilelile, "Sasa umemaliza?", naye alijibu, "Bado kidogo, mayu," jibu ambalo hata mimi nimekuwa nikilitumia kwa matajiri wangu nikichelewesha mzigo.

Kwa upande wa ndoa, marehemu alifunga ndoa takatifu Jumamosi ya tarehe 24 Novemba 2001, hapa Bariadi, na ndugu Erasmus Rutahiwa, afisa ugani wa pamba aliyeletwa kwetu na serikali kutoka Muleba, na siku ya kujadili mahari msemaji wao alijitetea kwamba kwao utajiri unahesabiwa kwa migomba, baba akasikiliza mpaka mwisho kwa heshima zote, halafu akauliza, "Huo mgomba, tukiufunga kengele utalia?", basi ng'ombe wakaletwa, na ndoa hiyo ikajaliwa watoto watatu, Elina aliyezaliwa mwaka 2002, Kristofa mwaka 2005, na Anyes mwaka 2009. Shemeji Erasmus, ulimtunza dada yetu kwa miaka ishirini na mitatu, ukala ugali wa mtama bila kulalamika mbele yetu, na ukoo unakushukuru.

Katika kazi, aliajiriwa mwaka 1997 kama mtaalamu wa maabara ya hospitali hapa Bariadi, na mwaka 2010 akahamia Chuo cha Afya Ntuzu kuwa mwalimu, na hapa naomba mnivumilie kidogo, Mchungaji unisamehe pia, kwa sababu habari za dada yangu haziwezi kusimuliwa bila kutaja mkojo.

Mwaka 2011 chuo kilimtuma Kalemela, kule Busega, kukusanya sampuli za kuchunguza kichocho, ugonjwa unaowaandama wavuvi na watoto wanaooga ziwani, akafika na vikopo vyake, akawasalimu vizuri, na mzee mmoja aitwaye Nassib akamwambia mbele ya mkutano, "Mama, sisi sio wachoyo, mkojo tunao, lakini tulitoa mwaka juzi, tukatoa na mwaka ule mwingine, wakabeba kwenye masanduku ya barafu wakaondoka, sasa huo wa kwanza umeshajibu nini?", na dada yangu, mwenye shahada mbili wakati huo, akavirudisha vikopo vyake mkobani, kwa sababu sampuli zilikuwa zimekwenda mbali, zikasomwa mbali, zikaandikwa mbali, na Kalemela haikuwa imerudishiwa hata salamu.

Alirudi Bariadi na jambo moja moyoni, nalo ndilo alilolibeba mpaka mwisho, kwamba mkojo wa Kalemela usomwe Bariadi, usomwe na watu wa Simiyu, na jibu lirudi kwa mwenye nao.

Chuo hakikuwa na friza wala hadubini ya kueleweka, umeme ulikuwa wa kubahatisha, basi akaanza kuomba ruzuku ya wafadhili wa nje, fungu maalumu la kujenga uwezo wa utafiti katika vyuo visivyo na nyenzo, akaandika mwaka mzima, na mwaka 2013 majibu yakaja kwamba ombi ni zuri ila chuo hakina uwezo, akanipigia simu nikiwa foleni ya mpakani Kasumbalesa, anacheka mpaka anakohoa, "Laurean, nimeomba dawa ya njaa, nimenyimwa kwa sababu nimekonda."

Hakukata tamaa, aliomba tena, na mwaka 2016 akakubaliwa, kwa sharti kwamba taasisi kubwa ya jiji jingine iwe mlezi wa mradi, chini ya Profesa Kasmiri ambaye tunaye hapa leo, na mimi ndiye niliyeleta friza ile kutoka bandarini, nikaisemesha njia nzima kama mgonjwa, na tulipoishusha pale chuoni dada aliizunguka akiipapasa ubavuni kama baba yetu alivyokuwa akikagua mtamba mnadani.

Hapo ndipo likatokea jambo la ng'ombe. Watu wa Kalemela na wa Nassa jirani yake walimwuliza mali hii ni ya nani, ya wazungu, ya profesa au ya kwetu, naye akawaeleza kwa desturi wanayoijua, kwamba mwenye kundi kubwa humpa jirani asiye na kitu ng'ombe amfugie, ng'ombe anabaki wa mwenyewe, lakini maziwa anakunywa mfugaji, samadi anatia shambani kwake, na akifuga vizuri, siku moja anakatiwa ndama wake wa kuanzia boma, akawaambia, "Ruzuku ni ng'ombe wa kufugishwa," wakaelewa, tena wakaelewa kupita kiasi, kwa sababu mwaka 2018 wakaguzi wa wafadhili walipofika Kalemela na miwani yao ya jua, mzee Nassib alikuja na wenzake wawili wameshika fimbo, wakakagua nyuma ya magari, kisha wakasema, "Tumekuja kumwona yule ng'ombe wenu, tunataka kujua kama ana mimba."

Wakaguzi wakamtazama dada, dada akamshika mkono binti mmoja aliyekuwa akipanga vikopo, Harieth, mzaliwa wa Kalemela hiyohiyo, aliyechukuliwa na mradi mwaka mmoja kabla akiwa mwanafunzi wa stashahada, akamsukuma mbele, akasema, "Ndama ni huyu," na mzee Nassib akamwangalia binti, akaguna, "Huyu si wa Esteria? Mbona mwembamba?", na kuanzia siku hiyo chuo kizima kilimwita Ndama, naye akaitikia, akasoma shahada, akasoma uzamili, na sasa yumo kwenye uzamivu.

Na majibu yalirudi. Mwezi Juni 2019, kwa mara ya kwanza, watu wa Kalemela walisomewa majibu yao, kila mmoja pembeni kwa siri yake, waliougua wakapewa dawa papo hapo, na mzee Nassib, alipoambiwa na yeye anacho kichocho, alitoka akitangaza kwa sauti kwamba wake umejibu.

Marehemu alianza kuumwa tumbo mwezi Mei 2024, akatibiwa hapa Bariadi, akapelekwa Mwanza, na tarehe 19 Agosti 2024 akaambiwa ni saratani ya kongosho, na daktari alipomaliza kumweleza kwa huruma, dada aliuliza, "Sampuli yangu mmeisomea wapi?", akajibiwa hapahapa Mwanza, akasema, "Angalau." Mwezi Januari mwaka huu, akiwa kitandani, alishiriki kikao cha simu cha mradi ambao kipindi chake cha pili kinaishia mwaka 2027, akapendekeza Harieth ashike uongozi, Profesa akasita, akasema kwa nia njema kwamba binti hajamaliza uzamivu, pengine friza na sampuli zihamie kwa mlezi kwa muda, maana uwezo wake bado, na dada kwa sauti iliyokwisha akauliza, "Profesa, miaka yote hii tulikuwa tunajenga uwezo wa nani?", kikao kikaahirishwa, na jambo hilo likabaki linaning'inia, nalo lilimtesa kuliko maumivu, kila nilipompigia nikamwuliza hali alinijibu, "Hawajasema."

Alifariki dunia Jumamosi, tarehe 8 Machi 2025, saa kumi na moja alfajiri, akiwa na umri wa miaka hamsini na miwili, mkono wake ukiwa mkononi mwa mumewe, bila kusikia wamesema nini.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa hapa Bariadi na wa Mwanza, waliomhudumia mgonjwa msumbufu aliyetaka kukagua kila kichupa, inawashukuru majirani, akina mama mliopika tangu Jumamosi, Wakristo na Waislamu, walimu na wanafunzi wa Chuo cha Afya Ntuzu ambao leo mmebeba jeneza zamu kwa zamu, wafadhili waliotuma salamu, na ndugu zetu wa Kalemela mliokuja na gari la dagaa, tumewasikia kabla hatujawaona, wabeja sana.

Dada yangu, mzigo umefika salama, zima injini, lala.

Namalizia na shukrani kwa Profesa Kasmiri, ambaye ameniruhusu nitangaze hapa kwamba friza haiondoki Bariadi, wala sampuli, na kwamba kuanzia Jumatatu mradi utaongozwa na Harieth, mimi nilitaka kujisifu kwamba amekubali kwa hoja zangu, maana nilimwongelesha jana kutwa mpaka chai ikapoa, lakini mwenyewe ameniambia niseme ukweli, kwamba jana jioni alikwenda kumpa pole mama yetu pale mkekani, akamwuliza kwa adabu zote kama marehemu aliacha neno lolote kuhusu vitu vya maabara, ili wavihamishe wakavitunze kwao katika kipindi hiki cha msiba, na mama, bila kuinua kichwa, akamjibu, "Baba, msiba uko hapa nyumbani, kule maabara hajafa mtu."