Dirisha la Sindano

Benchi la kahawa, pembeni ya kibanda cha kinyozi, lilikuwa na habari moja tu tangu asubuhi: Sindano, fundi cherehani, amewafundisha watu wa nyumbani kwake kukimbia moto. Jana alipuliza filimbi, na kabla hujamaliza kikombe watu sita walikuwa nje kwenye nguzo ya taa wakihesabiana, hata bibi, aliyepitishwa dirishani. Kila hadithi iliporudiwa, Nondo, fundi wa kuchomelea, aliona kahawa inazidi kuwa chungu. Ulikuwa wivu.

— Maonyesho tu yale, — alisema. — Mtu anayefanya mazoezi ya moto ana mpango na moto.

Wembe, kinyozi, akadai jamaa kakata bima, subirini mtaona. Muuza kahawa akasema moto una masikio, ukiutajataja unakuja. Kwake yeye hata kiberiti hakitajwi jina. Wembe akapandisha dau: watoto wale wanafundishwa kupita madirishani ili baadaye wapelekwe kuiba. Nondo alicheka kuliko wote, na roho haikumpoa.

— Lakini dirisha lile si ulilitengeneza wewe? — aliuliza Wembe.

Hapo ndipo palipouma. Sindano alimganda wiki nzima: grili moja iwe na bawaba, komeo liwe kwa ndani, hata mtoto alifungue bila ufunguo. Nondo alimcheka, akamwambia anawarahisishia wezi kazi. Leo mtaa mzima unalisifu dirisha, na sifa zote anazila mwenye cherehani.

— Kazi ya mkono wangu ile, — alisema akijivuta mbele. — Mwenzenu alipuliza filimbi tu.

Mama mmoja, mpangaji aliyehamia juzi, alikuwa akisubiri chupa yake ijazwe. Aligeuka.

— Kumbe fundi mwenyewe ni wewe, kaka? Nina watoto watatu, nataka la kufunguka kama lile. Kwako umeliweka chumba gani, nipite nilione?

Wembe akatazama ndani ya kikombe chake. Muuza kahawa akashughulika na mkaa. Kwa Nondo madirisha ni matano, na yote aliyachomelea pande zote nne, yasitikisike. Jana mkewe alimwuliza jambo hilohilo, akamjibu kwa kununa.

— Bado, dada, — alisema. — Sina hata moja.

Aliacha kikombe nusu, akaenda karakana kuchukua mashine ya kukatia. Ilimbidi apite mlangoni kwa Sindano, aliyekuwa ameinamia cherehani yake. Wivu bado ulikuwepo, tena mwingi. Akasimama hapohapo, macho barabarani.

— Sindano, — aliita. — Njoo kwangu unishikie grili nikiikata. Wanangu wanalala humo ndani.