Mzee Nani Kasema Hakuwa na Sauti

Ndugu waombolezaji, baba yetu tunayemzika leo alizaliwa tarehe 3 Machi 1956, katika nyumba ya nyuma ya kiwanda cha sabuni, akiwa mtoto wa pili wa fundi cherehani na mkewe. Alianza shule ya msingi mwaka 1964, akamaliza sekondari, kisha akaingia chuo cha wachungaji, na mwaka 1985 akabaki hapo kuwa mwalimu wa historia ya Kanisa la mwanzo. Wanafunzi walimwita Mzee Nani Kasema, kwa sababu kila habari aliuliza imetoka kwa nani, baada ya muda gani, na msimuliaji alikuwa wapi, na hata nyumbani, mmoja wetu akimshtaki mwenzake kwa kumaliza sukari, alituuliza, "Umemwona, au umesikia?"

Alifunga ndoa na mama yetu tarehe 13 Desemba 1986, wakajaliwa watoto wanne, mimi ninayesoma nikiwa kitinda mimba.

Alifundisha kwamba barua za Paulo ziliandikwa kabla ya Injili, kwamba kusulubiwa kwa Yesu kuliandikwa hata na wasiomwamini, na kwamba wafuasi wake walisema mapema sana kuwa wamemwona hai. Mwezi Juni 2009 mwanafunzi alimuuliza kama historia inathibitisha ufufuo, naye akajibu kwamba historia inafika kwa watu waliosema wamemwona, haivuki hapo, na kwamba yeye huvuka kwa imani kila asubuhi. Nusu ya kwanza ya jibu hilo ilifika kwa mkuu wa chuo kabla ya chakula cha mchana, nusu ya pili haijafika hadi leo. Aliachishwa kazi, akatengwa na ushirika, akawa anafundisha watoto wa majirani hesabu sebuleni. Mama alimwambia, "Si ungewaambia wanachotaka, mume wangu, tukala?" Alicheka, lakini hakwenda kuwaambia. Jumapili aliketi nyuma kanisani, na watu walimwachia benchi zima.

Agosti mwaka jana aligunduliwa kuwa na saratani ya koo, na tangu upasuaji wa tarehe 9 Januari hakutoa sauti tena. Jana, hapa hapa, ilitangazwa kwamba marehemu alikiri kosa lake kwa kinywa chake, na nimeombwa nisome hivyo. Mimi nilikuwepo. Wachungaji wawili walikuja wodini tarehe 2 Mei, mmoja akamuuliza, "Mzee, unatubu mafundisho yako?" na mimi, upande wa pili wa kitanda, nikamuuliza, "Baba, nikugeuze?" Akaitikia kwa kichwa, nikamgeuza, akafumba macho. Alimjibu nani, sijui, na kwa kuwa sijui, sitasoma kwamba alitubu, wala sitasoma kwamba alikataa, maana ndivyo alivyotulea. Alifariki tarehe 4 Mei, saa kumi na moja alfajiri.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliotubebea maji na kutushikia watoto, na mwalimu mwenzake mmoja aliyekuwa akija kumtazama wakati wengine wanavuka barabara wasikutane naye. Hao wengine mmekuja leo, nanyi tunawashukuru.

Baba, pumzika kwa amani, na mtu asikusemee.