Bi Mashavu binti Mrisho na Watoto wa Ziwa Lake

Ndugu zangu mliofika hapa Ruaruke tangu asubuhi, poleni na matope ya njiani. Nimepewa mimi, Mwantum, kazi ya kusoma maisha ya Bi Mashavu binti Mrisho kabla hatujamzika. Mimi ni mwanawe wa kunyonya, si wa kuzaa.

Marehemu alizaliwa hapa hapa mwaka 1885, mtoto wa pekee wa Mzee Mrisho, mkulima wa mpunga. Alisoma chuoni kwa Maalimu Kibwana, akahitimu msahafu akiwa na miaka kumi na mmoja. Maalimu alikuwa akilalamika kwamba mtoto huyu hamalizi sura bila kuuliza kwa nini.

Mwaka 1903 aliolewa na Seleman Mwinyimvua. Agosti 1905, vita vya Maji Maji vilipotufikia, Seleman alikunywa maji ya dawa akaondoka na wenzake. Hakurudi. Mwezi uliofuata marehemu alijifungua mtoto wa kiume, akamwita Kondo, yaani vita.

Ghala za mpunga zilichomwa, njaa ikaingia. Kina mama wengine walikauka maziwa, wengine walikufa wakaacha vichanga. Ndipo marehemu akaanza kuwakusanya wanawake kila Ijumaa, huko porini walikojificha. Mwenye maziwa alimpokea mtoto wa asiye nayo. Wengi walikuwa wakimwaga dang'a, yale maziwa mazito ya siku za kwanza, wakidhani ni uchafu. Yeye aliwaambia, "Msimwage, jamani. Mtoto kaja na riziki yake, nyie mnaimwaga chini." Na kila aliyemnyonyesha mtoto wa mwenzake alitakiwa kutamka mbele ya wote, ili watoto wajulikane kuwa ndugu, wasije wakaoana. Sharti hilo aliliweka yeye, na aliyelivunja ni yeye.

Kulikuwa na mtoto mmoja aliyekataliwa na wote. Baba yake alikuwa askari wa Wajerumani, na mama yake alikuwa amekufa. Bibi yake, Mwanamkuu, alimleta kwa siri, na marehemu akamnyonyesha pamoja na Kondo mwaka mzima bila kumwambia mtu. Mtoto huyo ni mimi. Baada ya vita bibi alinihamishia Salale, akanipa jina hili la Mwantum, akafa bila kuniambia lolote.

Mwaka 1926 Kondo alikuja Salale kukata mikoko. Tukapendana, ami zake wakaleta posa. Siku ya ndoa marehemu alifika kwa mashua, akauliza nani alinilea. Aliposikia jina la bibi, alikwenda barazani kwa shehe akasema, "Ndoa hii haifai. Hawa wote wawili nimewanyonyesha mimi."

Kondo alimwuliza, "Mama, mbona hukusema siku zote hizo?"

"Niliogopa, mwanangu. Wangekutenga na wewe."

Alasiri ile Kondo alipanda mashua iliyokuwa ikipakia boriti, na hatukumwona tena.

Mimi nilikuja kukaa na marehemu. Miaka zaidi ya thelathini tulikula sinia moja, na jina la Kondo halikutajwa. Ni upweke mbaya ule, watu wawili chini ya paa moja. Lakini Ijumaa zake hakuziacha. Alizifikisha Kibiti hadi Ikwiriri, na kila mkutano aliufungua kwa kuwaeleza wajawazito kosa lake mwenyewe.

Kifua kilimwanza Januari. Juzi alinishika mkono akasema, "Kondo akija, usimwache aone haya." Amefariki leo alfajiri, Jumanne tarehe 10 Machi 1959. Alipozidiwa tulipeleka habari Salale na kwingine kote. Hakuna aliyejibu.

Ameacha mtoto mmoja wa kumzaa, Kondo Seleman, ambaye hatujui aliko, na watoto kumi na mmoja wa kunyonya. Mwanamke hushushwa kaburini na maharimu zake, wanaume wasioweza kumwoa. Watashuka Abbasi na Tamimu, aliowanyonyesha vitani. Wa tatu alipaswa kuwa Kondo. Wengi wamejitolea kushika nafasi hiyo, nami nimewaomba waiache wazi.

Mama yetu apumzike kwa amani.